Breki ya mbele inapiga mkononi nikishuka Soni: ninunue diski mpya?

MwanaLushoto

Wakuu, habari zenu. Naomba msaada wa mafundi. Pikipiki yangu ni cc 150, mbele ina diski moja, kalipa (kile kinachobana pedi kwenye diski) ni ile inayoteleza yenye pistoni upande mmoja. Nikishuka mlima kutoka Soni kwenda Mombo, huku kwetu Lushoto, na abiria au magunia ya kabichi, nikibana breki ya mbele mkono wa breki unanisukuma vidole: unapiga, unaachia, unapiga, unaachia. Mwendo ukipungua na mapigo yanapungua. Nikikaribia kusimama nayasikia moja moja na shokapu za mbele zinanesa. Breki ya nyuma haina shida.

Pedi nimeweka mpya, hali ni ile ile. Beringi za gurudumu hazichezi. Ringi ilipigwa rangi upya mwaka huu, tairi ni lile lile. Fundi wa hapa anasema diski imepinda, nitafute nyingine. Bei yake si ndogo, na ile barabara mnaijua, kona juu ya kona na bonde pembeni.

Kijiwe_Saba

Mkuu, diski hiyo imekwisha, weka mpya. Kuna wanaoinyoosha kwa nyundo juu ya chuma, ila kwa mteremko wa Soni siwezi kukushauri hivyo.

FundiKorogwe

Ndugu yangu, usinunue kitu bado. Na kwenye nyundo namuunga mkono aliyetangulia, isiiguse hiyo diski kabisa.

Mapigo yanayokwenda na mwendo wa gurudumu yanatoka kwenye kitu kinachozunguka nalo. Hakikisha hivi: chora alama ya chaki kwenye tairi, zima injini, weka nyutro, sukuma pikipiki kwenye sakafu tambarare huku umebana breki kidogo sana. Ikigoma pale pale kila mzunguko, ni diski au kinachoishikilia. Kama ungekuwa usukani tu unatikisika, mkono wa breki umetulia, ningekupeleka kwenye beringi za usukani.

Hapa ndipo pesa za watu zinapotea. Kuna diski inayoyumba kushoto na kulia, na kuna diski ambayo unene wake haulingani. Kalipa yako inateleza kwenye pini. Pini zikiwa laini, diski ikiyumba kidogo kalipa inaifuata na vidole havisikii kitu. Pini zikikauka, kalipa inabaki palepale, diski inairudisha pistoni ndani kila mzunguko, mafuta ya breki yanasukumwa kurudi juu, nalo ndilo pigo unalolisikia. Unene ukipishana, pigo lipo hata pini ziwe nzima, maana pedi zote mbili zinatanuliwa kwa pamoja.

Kuyumba kwake unapima mwenyewe. Funga spoku kuukuu kwenye mguu wa shokapu, ncha ielekee uso wa diski karibu na ukingo wa nje. Inua gurudumu, lizungushe polepole, kisha kwa fila geji ya kusetia tapeti (vile vibamba vyembamba vya kupimia nafasi) pima nafasi kati ya ncha na diski pale inapobana zaidi na pale inapoachia zaidi. Tofauti ya hizo mbili ndiyo kuyumba kwenyewe. Vitabu vingi vya viwanda havikubali zaidi ya mm 0.30, vingine vinataka chini zaidi.

Unene wa chini kabisa umegongwa kwenye diski, tafuta maandishi MIN TH. Usipime kwa venia (kipimio cha taya): diski iliyolika huacha ukingo wa nje ukiwa mnene, taya za venia zinakalia huo ukingo na kukupa namba ya uongo. Nenda kwa mchonga vyuma mwenye lathe, ana maikromita (kipimio cha unene mdogo sana), akupimie sehemu nane kuzunguka. Tofauti ya mm 0.03 tu inaweza kusikika mkononi.

Halafu hiyo rangi ya ringi. Diski ilifunguliwa? Aliyepuliza aliziba sehemu inapokaa diski? Ukishaifungua, ilaze juu ya kioo uone kama inakaa yote.

MwanaLushoto

Fundi, nimerudi. Inagoma kwenye chaki kila mzunguko. Fila geji: pembamba 0.15, pana 0.60. Unene ni 3.9 kila sehemu, maikromita haikuona tofauti. Kwenye kioo diski imelala yote, karatasi haipiti chini yake. Lakini vitako vya diski kwenye ringi, pale inapofungwa, vina rangi! Upande mmoja imejaa, upande wa pili imekwanguka mpaka chuma kinaonekana. Pini moja ya kalipa nimeivuta kwa shida, ilikuwa kavu ina kutu.

FundiKorogwe

Basi diski yako ni nzima. Boliti ziko karibu na ekseli, pedi zinashika mbali, kwenye diski nyingi ndogo ni karibu mara tatu ya umbali huo. Rangi ya 0.15 upande mmoja inafika ukingoni ikiwa 0.45, namba ile ile uliyopima. Pini kavu ndiyo iliyoifikisha kwenye vidole vyako. Ungeweka diski mpya juu ya rangi hiyo nayo ingeyumba vilevile, na ukiiacha, sehemu ya diski iliyochomoza inasugua pedi kila mzunguko hata usipobana breki, mpaka unene nao uharibike.

Toa rangi kwa dawa ya kuondolea rangi na kipande cha mbao. Usitie grainda wala tupa, ringi ni ya aluminiamu. Boliti zikaze kwa kuvuka, kidogo kidogo, na gundi ya nyuzi za boliti. Pini zisafishe, paka grisi ya silikoni ya breki. Grisi ya kawaida inavimbisha raba. Futa diski kwa spiriti, upime tena kabla ya kutoka.

MwanaLushoto

Sasa kuyumba ni 0.08. Nimejaribu kwanza tambarare ya Mombo, mkono umetulia. Kesho napanda Soni bila mzigo.

FundiKorogwe

Vizuri sana. Ukishuka weka gia ya pili, breki zote mbili, bana na kuachia. Ukifika chini breki zikiwa za moto, usisimame huku umeshikilia ya mbele. Pedi zinaacha alama kwenye diski, na mapigo mengine huanzia hapo.