Mama mwani unammaliza kiuno, nimpeleke kwa fizio au nisubiri?

BintKiuyu:
Assalaam aleykum wanajukwaa. Mama yangu yuko Micheweni, Pemba, ana miaka 57, analima mwani tangu sisi wadogo. Mgonjwa si mgonjwa, mzima si mzima. Likija bamvu, maji yanapokupwa mbali, anashinda pwani kainama, akirudi anakaa chini miguu kainyoosha, anafunga mbegu, vile vipande vya mwani, kwenye kamba mpaka magharibi. Asubuhi hanyanyuki kitandani bila kushika ukuta. Presha pia anayo, na vidonge vyake anakunywa. Jirani kamwambia kuna watu wa fiziotherapia, wanaotibu viungo kwa mazoezi, awaone kabla hali haijaharibika. Kaka yangu anasema wale ni wa waliopooza na waliovunjika, tusipoteze nauli. Kuacha mwani mama hataki hata kusikia. Nifanyeje?

MchumaKarafuu:
Kaka yako kasema kweli. Mkandeni na mafuta ya karafuu, apumzike siku mbili tatu. Hao watamwambia inua mguu, shusha mguu, basi.

UmmuNassir:
Sasa akishapumzika akarudi kuinama vilevile si yatakuwa yaleyale? Mie nilipelekwa kwao baada ya mtoto wa tatu. Nikicheka, mkojo unanitoka, na kila mtu ananambia ndo uzazi huo. Nikafundishwa kubana misuli ya chini na kuiachia, kila siku, wiki kadhaa. Kidonge sikupewa hata kimoja. Laiti ningefundishwa tangu mtoto wa kwanza.

FizioMjini:
Waaleykum salaam. Mimi ni fizio, nipo Unguja. Kaka hakukosea sana, maana muda wetu mwingi unaliwa na wagonjwa wa kiharusi na mifupa. Lakini kiharusi chenyewe mara nyingi kinaletwa na presha, na mazoezi yanasaidia kuishusha. Kwa hiyo mtu kama mama ndiye tunayemtaka mapema.

Akija sitaanza na kiuno. Nitamuuliza kazi yake: anafunga mbegu kakaaje, gunia la mwani mbichi nani analibeba. Nitampima presha. Kisha nitamkalisha kwenye kiti, mikono kifuani, asimame na kukaa kwa sekunde 30 nami nahesabu. Hapo naona nguvu ya mapaja, kitu ambacho eksirei haikuonyeshi. Mapaja yakiwa dhaifu, gunia linanyanyuliwa na kiuno.

Kwa sasa, kufunga mbegu akae kwenye kiti, na kamba aifunge kwenye nguzo mbili usawa wa kitovu chake. Kupigilia vigingi apige goti moja, abadilishe na la pili, asiiname na miguu imenyooka. Kila akimaliza kamba asimame wima, mikono kiunoni, ajinyooshe nyuma taratibu. Gunia lijazwe nusu au libebwe na wawili. Najua wanaona ni kupoteza wakati, lakini hapo ndipo viuno vingi vinapoishia. Nyumbani asimame kutoka kitini bila kushika, mara 10, asubuhi na jioni, kama haimzidishii maumivu. Akishaweza, ashike fremu ya mlango anyanyue visigino.

ShehaMstaafu:
Mwanangu, mtu anayelima mwani na kuswali sala tano anahitaji mazoezi gani tena?

FizioMjini:
Mzee wangu, rukuu na sijda zinasaidia viungo visikakamae, hilo sipingi. Ila moyo hauendi mbio. Mwani nao unachosha misuli ileile katika mkao uleule, kisha maji mafu yakiingia, bahari isipokupwa vya kutosha, mtu anakaa tu. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mwendo wa kumfanya aheme kidogo, pamoja na mazoezi ya nguvu za misuli angalau siku 2. Akifika miaka 65 anaongezewa mazoezi ya kutoyumba, siku 3 kwa wiki, ili asianguke. Mama atembee haraka hizo siku za maji mafu.

NesiWete:
Hakuna aliyeuliza anameza nini kwa hicho kiuno. Diklofenaki za dukani zinapandisha presha na kuumiza tumbo na figo. Na mkisikia mguu umeishiwa nguvu, au ganzi sehemu za siri, au mkojo umeziba au haushikiki, msingoje fizio wala nani, hospitali siku hiyohiyo.

BintKiuyu:
Nimempigia sasa hivi. Kumbe anazo diklofenaki, kazifunga kwenye ncha ya kanga, anameza kila akitoka pwani! Nimemwambia aziache kwanza. Nimpeleke lini?

NesiWete:
Siku za maji mafu, asipate kisingizio cha shamba. Uliza kwanza hospitali ya Chake fizio yupo siku zipi, usije ukala nauli bure. Achukue vidonge vyote, hata hivyo vya kwenye kanga.

MchumaKarafuu:
Fizio, na bega linaloniuma nikivuta tawi la mkarafuu, ndo nije kwenu hukohuko?

FizioMjini:
Njoo, lakini kabla ya msimu. Ukishaanza kupanda hutonisikiliza.