Kikundi cha Ukoo: Babu karudi Tabora Boys, shule yake ya zamani

Baba Mdogo: Tumefika salama jamani. Treni ya umeme mpaka Dodoma, kisha basi. Mzee njia nzima anatutajia stesheni za reli ya zamani: Saranda, Manyoni, Itigi, Malongwe...

Bibi: Dawa ya presha amemeza?

Baba Mdogo: Amemeza mama. Sasa hivi hashikiki, kaingia bwenini kutafuta kitanda chake cha 1975 😂

Mimi: Kakipata?

Baba Mdogo: Kapata dirisha. Ati kitanda kilikuwa chini yake, treni ikipiga honi usiku wanajua saa ngapi. Vijana wamemzunguka kama vifaranga.

Shangazi: Na hotuba?

Baba Mdogo: Nne! Zote zimeanza na Mwalimu Nyerere kuingia shule hii 1937. Ya nne, vijana wa nyuma wakamalizia mwaka wenyewe kabla mzee hajautaja.

Baba Mdogo: Shikamooni wote. Ni mimi Kitinda, naandikia simu ya Baba Mdogo. Shuleni hatuna simu, mwalimu wa zamu kanipa dakika kumi.

Shangazi: Marahaba mwanangu. Lete umbea haraka.

Baba Mdogo: Tuliruhusiwa kuuliza maswali. Jamaa mmoja wa PCM (fizikia, kemia na hesabu) kasimama: "Wazee wetu, kazi ya kwanza mliitafutaje?" Babu kajibu, "Hatukuitafuta. Tulipangiwa." Ukumbi kimyaaa. Halafu mtu huko nyuma akaguna "mmmh", tukaangua kicheko, hadi meza kuu.

Mimi: Mie nimemaliza chuo mwaka juzi. Nimeandika YAH: MAOMBI YA KAZI mpaka vidole vimeota sugu, na deni la Bodi ya Mikopo liko palepale. Babu kasoma bure, kapangiwa na kazi. Acha nicheke tu.

Babu: 🎤 Ujumbe wa sauti (4:12)

Bibi: Andika baba, bando si maji ya kisima.

Babu: NASEMA HATA SISI HATUKWENDA CHUO MOJA KWA MOJA. AZIMIO LA MUSOMA 1974 LILITAKA TUFANYE KAZI KWANZA. NILIMALIZA KIDATO CHA SITA 1976, NIKAENDA JKT MWAKA MMOJA, NIKAFANYA KAZI MIAKA MIWILI, NDIPO CHUO KIKUU, MLIMANI.

Mimi: Na hiyo kazi ya miaka miwili nani alikupa, Babu?

Babu: SERIKALI.

Mimi: 🙃

Babu: NDIYO MAANA NILINYAMAZA PALE UKUMBINI.

Shangazi: Zawadi ya shule mliyochangishana je? Si mlisema jiwe la marumaru lenye majina yenu?

Baba Mdogo: Mimi tena, mwenye simu. Mzee kawaambia wenzake jiwe lisubiri. Wengine wamenuna, maana fundi keshapewa kianzio. Vijana wamepitisha daftari, kila mwenye swali akaandika. Liko kwenye mfuko wa koti la mzee, halitoi hata akila.

Babu: MASWALI 23. LA 7: "ALIYESOMA PCB (FIZIKIA, KEMIA NA BIOLOJIA) AKAKOSA UDAKTARI AFANYE NINI?" NESI WETU JIBU.

Shangazi: Baba niko zamu 😩 Haya: maabara, famasia, fiziotherapia, afya ya mazingira, uuguzi. Na uwaambie uuguzi si wa wanawake tu, wodini kwetu tunalilia wanaume wa kusaidia kumgeuza mgonjwa mzito. Mengine kesho nikitoka.

Babu: LA 12: "BARUA YA KAZI INAANDIKWAJE?" HILO LA MJUKUU WANGU MWENYE SUGU.

Mimi: Babu jamani! Mimi ambaye sijajibiwa hata moja?

Babu: WAANDIKIE HIVYO HIVYO. NA ZILE ULIZOANDIKA VIBAYA UWAONYESHE.

Mimi: ...Sawa. Ninazo nyingi.

Bibi: Mmemaliza? Asali lita tano. Umwonje kwanza muuzaji, ukiona analamba mwenyewe bila kukunja uso ndiyo ununue.

Baba Mdogo: Nimwonje muuzaji, mama?

Bibi: Asali! Simu hii inaniandikia inavyotaka.