Kupanda Ascutney kwa miguu na snobodi, nianzie wapi?

kipara_wa_Concord
Habari za jioni wakuu. Niko Concord, New Hampshire, mwaka wa nne sasa. Snobodi, ule ubao wa kutelezea kwenye theluji, nimefundishwa na jamaa mmoja wa shifti yetu, msimu wa kwanza wote nilikuwa naanguka tu, makalio yaliiva, msimu wa pili nikaanza kukata kona na saa hizi njia za bluu, zile za ugumu wa kati, nashuka bila aibu. Shida yangu ni hela, tiketi ya siku moja kwenye resoti kubwa ya theluji nikilipa najikuta wiki nzima nakula tambi. Sasa huyu jamaa ananiambia kuna mlima unaitwa Ascutney upande wa Vermont, zamani ulikuwa resoti ikafa, siku hizi watu wanapanda kwa miguu yao wanashuka bure. Nimeona video watu wanagawa ubao vipande viwili wanatembea nao kama skii, kila mguu na kipande chake, halafu juu wanauunga tena. Je ndio lazima ninunue hiyo? Na huko hakuna maporomoko ya theluji kweli? Mimi Jumamosi natoka kazini saa nane mchana, nikinyoosha moja kwa moja si nafika saa tisa na kitu, napanda, nashuka, narudi kulala. Nitakuwa peke yangu, mlima wenyewe mdogo tu.

mpenda_joto
Yaani mkuu, umeikimbia Dar na jua lake, ukapata nchi ina lifti za kupandisha watu mlimani, halafu lifti hutaki unataka kupanda mwenyewe kwenye baridi na bodi mgongoni?? Na hakuna anayekulipa??? Mie nasoma tu hapa na chai yangu ya tangawizi.

dada_wa_Winooski
Muache huyo, hajawahi kuonja theluji ambayo hakuna mtu ameikanyaga. Sasa kaka, usikimbilie splitibodi, huo ubao wa vipande viwili. Mpya ukijumlisha na bindingi zake, yaani vishikizo vya buti, na ngozi unapita dola elfu moja hata kabla hujajua kama unapenda huo mchezo. Ngozi ndio ule utepe unaobandikwa chini ya ubao, una manyoya yamelala upande mmoja, ukisukuma mbele unateleza ukirudi nyuma unakamata, zamani ilikuwa ngozi ya sili kweli ndio jina likabaki. Mimi misimu miwili nilipanda na snoshuu za mtumba, vile viatu vipana vya kutembea juu ya theluji bila kuzama, na bodi yangu ya kawaida nimeifunga kwa begi. Ni nzito ndio, na upepo ukikupata pale juu bodi inakuwa tanga unayumbishwa kama dau, lakini unafika. Kitu kimoja tu, wanaopanda na skii wanakuwa wametengeneza njia yao laini kwa theluji, usiikanyage na snoshuu wala buti ukaiacha mashimo mashimo, tembea pembeni. Watu hapa ni wapole lakini hilo litakupatia maadui.

Halafu usivae kama unaenda kusimama stendi ya basi. Ukianza kupanda uhisi baridi kidogo, kama una joto pale kwa gari basi dakika kumi mbele umeloa jasho, na hilo jasho ndilo litakutetemesha ukisimama juu. Koti zito liweke kwa begi, ulivae ukifika. Flana ya pamba acha nyumbani, ikilowa haikauki. Na simu weka ndani karibu na mwili, baridi inaua betri ukishangaa tu.

mzee_wa_Bukavu
Ndugu yangu wa Concord, mimi huo mlima naujua vizuri, niko huu upande miaka mingi. Resoti ilifungwa 2010, lifti kubwa zikaondolewa, watu wakasema kijiji kimekwisha. Mwaka 2015 mji wa West Windsor ukanunua ile ardhi, na leo wanaofanya kazi pale wengi ni wa kujitolea, wanafyeka njia, wanapunguza matawi ndani ya msitu ili mtu apite. Pale chini wana kamba ya kuvuta watu juu na lifti ya T, ile ya fimbo inayokuburuta, kwa watoto na wanaojifunza, bei yake haiumi. Na hii mambo ya kamba isikushangaze, kamba ya kwanza ya kuvuta watu wa skii Marekani ilifungwa hapo jirani Woodstock mwaka 1934, injini ni ya gari la Ford. Mashindano ya kwanza ya taifa ya snobodi pia yalikuwa Woodstock, 1982. Kwa hiyo ndugu unaenda mahali penye historia ya mchezo wako.

Bon, sasa unaposema mlima mdogo. Kilele ni mita 958, kweli, sisi tunaotoka Kivu tunaweza kucheka. Lakini zile njia za zamani zina zaidi ya mita 500 za kupanda, ukiwa na snoshuu na mzigo hiyo ni saa mbili kama pumzi yako ni nzuri. Wewe unafika saa tisa na nusu. Januari jua linazama saa kumi na nusu hivi. Hesabu mwenyewe uko wapi giza likiingia.

Tena kuna kitu hakionekani kwa video. Njia ya resoti iliyokufa inakatizwa na mitaro, walichimba ili maji theluji ikiyeyuka yasile udongo. Resoti ikiwa hai inashindilia theluji na mashine, mitaro inafukiwa. Pale hakuna wa kushindilia. Theluji ikiwa haba mtaro unabaki wazi, ikiwa ya wastani inafunika juu tu na chini ni shimo, pua ya bodi inaingia, wewe unaendelea na safari. Goti langu la kushoto liliachwa kwenye mtaro wa namna hiyo, mwezi wa kumi na mbili, niliona jani limefunikwa nikasema inatosha. Haikutosha. Nilishuka nimekaa, nusu ya mlima, na kama mke wangu hangekuwa nyuma yangu sijui. Siku hizi wakati wa kupanda nahesabu mitaro na kuangalia kila mmoja uko wapi, ndiyo faida ya kupanda kwa miguu, unasoma njia kabla ya kuishuka.

kipara_wa_Concord
Mzee shikamoo, umenitisha lakini nashukuru. Basi Jumamosi nafuta. Na maporomoko?

dada_wa_Winooski
Maporomoko yanapenda mteremko wazi wa nyuzi 30 mpaka 45 hivi na upepo unaorundika theluji hapo. Ukitaka kuyaona nenda Tuckerman, lile bonde lenye mteremko mkali kule Mount Washington, kule ni mchezo mwingine, kuna kituo kinatoa taarifa ya hatari na watu wanabeba redio za kutafutana, koleo na fimbo za kuchokoa, na bado wanakufa. Ascutney kwa njia zile za zamani hofu yako iwe miti, mitaro na ile ganda ya barafu mvua ikinyesha juu ya theluji halafu usiku ikagande. Ukisikia mvua imepita jana na leo ni kibaridi, kaa nyumbani, hutafurahia chochote. Na ukiwa msituni usipite karibu na shina la msprusi, mti kama msonobari, chini ya matawi theluji ni hewa tupu, unazama hadi kifua na bodi imekufunga miguu.

mzee_wa_Bukavu
Marahaba kijana. Jumapili ya tarehe kumi na mbili mimi na mama watoto tutakuwa pale Brownsville, kijiji cha chini ya mlima, saa mbili asubuhi, njoo. Tutapanda nusu tu, tushuke, tunywe supu. Taa ya kichwa beba hata kama ni asubuhi.

kipara_wa_Concord
Nipo mzee! Snoshuu nimeshapata kwa jirani dola ishirini. Gari langu halina tairi za theluji ila barabara si wanamwaga chumvi?

mpenda_joto
😂😂😂 wazee mchukueni huyu njiani tafadhali