Mtoto wa miaka 7 anajibu "ndiyo", "hapana" na "sijui" tu. Nianzie wapi?

MamaWawili_Tabata

Wadau, habari za jioni. Nina kijana wa darasa la pili. Kusikia anasikia, kusema anasema, tena akiwa na mdogo wake wanapiga kelele mpaka jirani anagonga ukuta. Kasheshe ni mtu mzima akimsemesha. Shikamoo anaitoa vizuri, hapo sina lawama. Baada ya hapo ndio basi. "Shule vipi?" "Nzuri." "Leo mmesoma nini?" "Sijui." Halafu anaanza kukagua vidole vyake vya miguu.

Kwenye simu ndio balaa kabisa. Bibi yake yuko Muheza, akipiga lazima aombe kuongea na mjukuu. Nampa simu, anaulizwa kama amekula, anatikisa kichwa! Bibi wa watu huko "haloo, haloo, mtandao umekatika?" Mtandao upo, mjukuu ndiye hayupo.

Shangazi yake anasema ni aibu tu za utoto. Baba yake anasema karithi kwake, na anasema kwa fahari. Shuleni wamemwandika "mpole". Sitaki awe mc wa harusi jamani, nataka tu aweze kukaa na mtu maneno yaende na kurudi. Hivi hiki kitu kinafundishwa?

Kipara_Dalali

Mpe muda dada. Mimi nilikuwa bubu hivyo hivyo, leo nauza viwanja na wife anaomba ninyamaze.

Mwl_Mstaafu_Chumbageni

Mwanangu, kinafundishwa. Nimekaa na madarasa ya chini hapa Tanga mpaka nikastaafu, na watoto wa namna hiyo nimewapokea wengi.

Kwanza tazama anachoulizwa. "Mmesoma nini leo" ni mtihani, na mtoto wa darasa la pili ameshajua kwamba mtihani una jibu la kukosa. "Sijui" haikosi, kwa hiyo anakaa hapo hapo. Acha kumhoji, anza wewe kutoa habari: "Leo kwenye daladala abiria kashuka, kasahau kuku wake chini ya siti." Kisha nyamaza, endelea kuchambua mchele wako. Atakuuliza kuku kafanywaje. Hapo mazungumzo yameanza, na aliyeuliza ni yeye.

Huko kunyamaza ndiko kunakotushinda watu wazima. Kuna mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, aliyesikiliza vipindi vya sayansi vya shule za msingi na kuandika aliyoyaona miaka ya 1970. Walimu walikuwa wakiuliza swali, wanangoja kama sekunde moja, kisha wanamrukia mtoto mwingine au wanajibu wenyewe. Waliongojea sekunde tatu na zaidi walipata majibu marefu, na watoto wa kukaa kimya wakapungua. Sekunde tatu ni kidogo ukizisoma hapa. Mgeni akiwa sebuleni anangoja jibu la mwanao, zinakuwa ndefu kama foleni ya dirisha la dawa, na mama ndipo anapodakia: "Mwambie nimeshakula, shikamoo." Ukishamjibia, yeye aseme nini tena?

Lakini kubwa ninalotaka kukwambia ni hili. Zamani mtoto ndiye alikuwa simu. Ukitaka kujua mgonjwa wa nyumba ya tatu kaamkaje, au kikao cha harusi kimesogezwa, unamtuma mtoto. Anapiga hodi na kungoja. Akipiga ya tatu kimya, anarudi. Akikaribishwa anaamkia, anaulizwa wa nyumbani hawajambo, anajibu, ndipo anasema alichotumwa. Halafu anapokea jibu na kulifikisha lilivyo. Akileta nusu, unamrudisha: "Kesho saa ngapi? Hukuuliza?" Siku nyingine anauliza kabla hajaondoka mlangoni. Hakuna aliyemkalisha kumfundisha kuzungumza, alitumwa tu. Kazi hiyo siku hizi tumempa WhatsApp.

Na umeme ukikatika, tegeaneni vitendawili. "Kitendawili!" "Tega!" "Kuku wangu katagia mibani." Mtu akikosea anacheka na wenzake, wakishindwa wote anaomba mji, wanampa Tanga au Kigoma, ndipo anawaambia ni nanasi. Mtoto anayeogopa kukosea anahitaji mahali ambapo kukosea ndio mchezo wenyewe. Muhimu naye atege, asiwe mjibuji tu.

Fundi_Majokofu

Mwalimu shikamoo. Nakuheshimu, ila kumtuma mtoto kwenye nyumba za watu zama hizi mimi siwezi. Hata wazee wetu walituma mtaa ambao kila mlango wanaujua. Leo jirani kahamia mwezi uliopita, humjui jina, unampelekea mwanao apige hodi?

Tena kuna jingine hamlisemi. Wageni wakiingia tu, "nyie nendeni chumbani mkacheze." Mtoto akichangia neno, anatolewa macho. Anafundishwa miaka saba kwamba wakubwa wakiongea yeye hayupo, halafu siku moja anashikishwa simu, "haya ongea na bibi." Kwangu wageni wakija binti yangu anapeleka maji ya kunawa na anakaa. Yakifika ya wakubwa kweli, namwambia kwa adabu atupishe. Anajua zaidi habari za ukoo kuliko mimi, na saa nyingine najuta.

MamaWawili_Tabata

Shikamoo mwalimu, asante sana. Hapo kwa "mwambie nimeshakula" umempiga picha mama mkwe wangu kabisa, natamani nimtumie hii link.

Ila Fundi ana hoja. Tunakaa ghorofa ya tatu, getini kuna mlinzi, jirani wa mbele tunasalimiana kwenye ngazi basi. Nimtume wapi?

Mwl_Mstaafu_Chumbageni

Marahaba wote wawili. Fundi yuko sahihi, mtoto hatumwi kwa usiyemjua, wala usiku, wala ndani ya nyumba ya mtu ukiwa huoni. Lakini muuza mboga mnayemuona kutoka dirishani yupo, na duka la chini lipo. Usimwandikie karatasi. Mtume na kitu kinacholazimu kuuliza: "Muulize mchicha umeingia leo au wa jana, na kama ni wa jana anapunguza ngapi." Wewe kaa dirishani.

Na simu isiwe adui yako. Mtoto hana la kumwambia bibi kwa sababu hana alichotumwa kwa bibi. Mpe shughuli: amuulize michungwa mwaka huu imezaaje na wanunuzi wanatoa bei gani. Ila liwe jambo ambalo wewe mwenyewe hulijui kweli. Watoto wanalinusa haraka swali la kuigiza. Ukishampa simu, toka chumbani, kawashe jiko. Ukisimama nyuma yake ukinong'oneza "mwambie asante, mwambie tunakuja Desemba," amekuwa spika yako. Akimaliza aje jikoni akupe habari, na kama kasahau bei, ampigie tena yeye, siyo wewe.

Kipara_Dalali

Bei ya machungwa Muheza hata mimi naitaka. Kijana akishauliza ailete hapa.

MamaWawili_Tabata

😂 Kipara utapewa nusu ya taarifa, halafu mwalimu akurudishe ukaulize upya.