MREJESHO: Skana ya printa ya USB kutoonekana kwenye Debian 12 (mfumo wa Linux)

Wakuu, lile swali la printa kuchapa vizuri ila skana haionekani limepata jibu.

Uchapaji ulikuwa unapitia ipp-usb (programu inayotumia printa ya USB kana kwamba iko kwenye mtandao, bila draiva ya kampuni), huku draiva ya zamani ya skana ikitaka kuingia kwenye kifaa moja kwa moja. ipp-usb ikishakishika kifaa, programu nyingine haipati nafasi. Kagua kwa sudo lsusb -v (amri inayoorodhesha vifaa vya USB): ukikuta bInterfaceClass 7, SubClass 1, Protocol 4 angalau mara mbili (alama za njia hiyo ya ipp-usb), mashine haihitaji draiva ya kampuni kabisa. Basi weka ipp-usb pamoja na sane-airscan, draiva ya skana inayofanya kazi nayo:

sudo apt install ipp-usb sane-airscan

Chomoa kebo, chomeka tena, kisha scanimage -L, inayoorodhesha skana zilizoonekana. Unatafuta mstari unaoanza na airscan. Kwenye laptop huenda kamera nayo ikajitokeza kama v4l, kwa hiyo taja kifaa kwa -d, la sivyo utaskani uso wako:

scanimage -d 'airscan:...' --resolution 300 --format=png > barua.png

DPI (nukta kwa inchi) 600 kwa maandishi ya kawaida ni kupoteza muda tu. Mipangilio ya printa inafunguka kwenye kivinjari, http://localhost:60000.

Mashine za zamani zisizo na Protocol 4 haziguswi na ipp-usb. Hizo bado zinataka draiva ya kampuni. Skana ikionekana kwa sudo pekee (yaani kwa haki za msimamizi), tatizo ni ruhusa: sudo adduser $USER scanner, kisha toka na uingie upya.