Dar hadi Mwanza kwa baiskeli, watu 12, siku 10: kipi hukwamisha msafara?

Pedali_Bara: Wakuu habarini. Tupo 12, mwezi wa nane tunavuka nchi: Dar, Morogoro, Dodoma, Singida, Shinyanga, Mwanza, kama kilomita 1,150. Siku 9 za kuendesha, moja ya kupumzika Dodoma. Tairi nyingi ni 700x32, yaani upana wa milimita 32. Gari la msaada moja. Tuanzie Dar au Mwanza? Na tubebe spea gani?

Kusi: Anzieni Dar. Miezi hiyo upepo hutoka kusini mashariki, kwa hiyo kuanzia Dodoma utawasukuma mgongoni. Mkitokea Mwanza mtapigana nao Singida nzima. Mlima wa kuuheshimu ni Saranda, mkishapita Kintinku kuelekea Manyoni: gia nyepesi kabisa, kila mtu kwa mwendo wake, mkutane juu. Sekenke, mlima ulio mbele ya Singida, nyinyi mnauteremka. Msibane breki mfululizo, rimu itachemka na tyubu inaweza kupasuka. Bana, achia, bana tena.

Fundi Spoki: Pancha nyingi huko ni za mbigiri, si misumari. Zimejaa pembeni mwa lami, kwa hiyo mkisimama, inueni baiskeli, msiikokote kwenye majani. Kabla ya kuweka tyubu mpya, pitisha kitambaa ndani ya tairi mzunguko mzima. Ncha ya mwiba ikibaki humo, kilomita mbili mbele pancha ile ile. Tyubu mbili kwa kila mtu, viraka na solushoni kwa kila watatu, upepo wa tairi psi 60 hadi 65.

Ila kinachosimamisha safari kweli ni spoki za gurudumu la nyuma, upande wa gia, kwa sababu ndizo zimekazwa zaidi na mizigo yote iko juu yake. Kuibadilisha lazima gia zitoke, na kifaa cha kuzifungulia si kila fundi wa kijijini anacho. Bebeni chenu. Spoki pimeni mapema: za kulia huwa fupi kuliko za kushoto kwa milimita chache. Ikikatika njiani, ifunge kwenye jirani yake, kisha legeza nusu mzunguko zile mbili za kushoto zilizo karibu nayo ili rimu isiguse breki.

Mama Chapati: Maji lita 6 hadi 8 kwa mtu kwa siku, na pakiti ya ORS kwenye lita moja ikifika saa 4, msingoje mtu aanze kukakamaa misuli. Ndizi au chapati kila saa, hata kama njaa haijauma. Ondokeni mara kukipambazuka. Saa 6 hadi 9 mchana mkae kivulini.

Pedali_Bara: Asanteni sana. Gari likae nyuma yetu?

Kusi: Hapana mkuu. Likitambaa nyuma yenu, malori na mabasi yatalipita kwa kuingia upande wa pili, halafu yakikutana na gari linalotoka mbele yanarudi kwa ghafla juu yenu. Litangulie kilomita 20 au 25, lisimame nje ya lami na maji. Mwisho wa msafara awe mwendeshaji mwenye nguvu, mwenye pampu na simu, wala asimpite mtu. Na mjigawe makundi mawili ya sita. Mstari wa 12 haupitiki.