Kifurushi changu cha kutoka Moshi kuja Tanga kimepita Segera mara tatu na hakuna aliyekubali kukishusha

Wanajamvi, salaam.

Naandika nikiwa na hasira, ingawa nimejizuia siku mbili nzima ili hasira hiyo isije ikaniharibia hoja. Jina la kampuni sitalitaja, kwa kuwa malalamiko yangu ya maandishi yako mezani kwao na ningependa kwanza nione yatakavyojibiwa. Itoshe kujua kuwa ni kampuni ya mabasi yenye dirisha la vifurushi, leseni iliyobandikwa ukutani, na mfumo wa kumtumia mteja ujumbe wa simu kila mzigo wake unapofika mahali. Ujumbe huo ndio ulionifumbua macho. Zamani mzigo ulikuwa ukichelewa tu, na mwenye mzigo hakupata kujua ulikuwa umekwenda kutembea wapi.

Mimi na mke wangu tunashona sare za shule hapa Tanga. Mwishoni mwa Desemba cherehani yetu ya ovaloki, ile inayoshona kingo za kitambaa zisifumuke, iliharibika gia, tukakipeleka kichwa chake Moshi kwa shemeji yangu, ambaye ni fundi wa mashine hizo na hatudanganyi. Alikitengeneza, akakifunga vizuri ndani ya boksi lililojazwa vipande vya godoro, na Jumatatu ya wiki ya pili ya Januari akakifikisha stendi ya Moshi. Alilipa shilingi 15,000, akaandikiwa stakabadhi, akaambiwa kwamba kesho yake jioni ningekichukua hapa kituo cha mabasi cha Kange. Shule zilikuwa tayari zimefunguliwa, na tulikuwa na sare 43 zilizokatwa lakini hazijapigwa ovaloki, kila moja ikiwa na mzazi anayepiga simu.

Kwa wasioijua njia hii, naomba niieleze, kwa sababu bila kuielewa hamtaielewa hasira yangu. Ukitoka Moshi unapita Himo, Mwanga, Same, Mombo na Korogwe, kisha unafika Segera. Hapo Segera barabara inagawanyika: anayekwenda Tanga anashika kushoto kupitia Muheza, na zimebaki takriban kilomita 75 tu afike, anayekwenda Dar es Salaam anaendelea kusini, na mbele yake zipo takriban kilomita 280. Upite Chalinze au upite Msata na Bagamoyo, kati ya Moshi na Dar es Salaam Segera hukwepeki. Safari yote ya Moshi hadi Tanga ni kama kilomita 350, na basi linaloondoka alfajiri humfikisha abiria wake Tanga akawahi chakula cha mchana kilichochelewa kidogo.

Jumanne jioni nilikwenda Kange, hakuna kitu. Usiku ukaja ujumbe: kifurushi kimepokelewa Dar es Salaam. Nikadhani ni kosa la uandishi. Jumatano ujumbe ukasema kinachambuliwa, na Alhamisi ukasema kimeondoka Dar es Salaam, nami nikajipa moyo kwamba sasa kinakuja, tena nikamwambia mke wangu awapigie wazazi kumi wa mwanzo waje kesho. Ijumaa asubuhi ukaja ujumbe mwingine ambao nimeuhifadhi mpaka leo: kifurushi kimepokelewa Moshi.

Ndiyo, Moshi. Kichwa cha cherehani kilikuwa kimesafiri takriban kilomita 1,120, kimepita Segera mara mbili, kwenda na kurudi, na kimerudi kulala chumba kilekile kilikotoka Jumatatu. Shemeji angeweza kwenda kukisalimia kwa miguu.

Nilikwenda dirishani Kange nikiwa nimeshika stakabadhi. Kijana aliyekuwapo alinipa shikamoo kwa adabu, akanikaribisha kiti, na lazima niseme kwamba yeye ndiye mtu pekee katika kampuni nzima aliyenieleza ukweli wote bila kuzungukazunguka. Alinieleza kwamba dirisha la Moshi hujaza magunia mawili tu, gunia la Arusha na gunia la Dar es Salaam. Gunia la Tanga halipo, kwa sababu vifurushi vya kuja Tanga kutoka huko ni viwili au vitatu kwa siku, na gunia haliwezi kufungwa kwa ajili ya vifurushi viwili. Kwa hiyo chochote kisichokwenda Arusha kinatupwa kwenye gunia la Dar es Salaam, kiwe kinakwenda Mtwara, Songea au Tanga, nalo gunia linatiwa lakiri yenye namba na kupakiwa kwenye buti la basi. Likishafungwa Moshi, halifunguliwi mpaka Dar es Salaam, kwenye kituo kikuu cha uchambuzi, ambako ndiko kila kifurushi hupangiwa gunia jipya.

"Na kurudi Moshi kulitokeaje, mwanangu?" nikamuuliza.

"Mzee, lebo ina miji miwili, wa kutoka na wa kwenda. Boksi lako lilichambuliwa usiku, na nadhani aliyelisoma alisoma mji wa juu."

Kwamba mtu aliyechoka saa nane za usiku alisoma mstari wa juu badala ya wa chini, hilo naweza kulisamehe. Nimefundisha shule miaka mingi kabla ya kustaafu na nimesahihisha madaftari kwa taa ya kandili, najua macho yanavyofanya. Ninachoshindwa kukisamehe ni lebo yenyewe, ambayo mji wa kutoka umeandikwa juu kwa herufi kubwa sawasawa na mji wa kwenda, kana kwamba mchambuzi ana haja yoyote ya kujua mzigo umetoka wapi.

Shemeji alipokwenda kudai boksi wampe alipeleke mwenyewe kwenye basi la Tanga, aliambiwa kwamba lilikwisha kuingizwa kwenye mfumo kama mzigo ulio safarini, na mzigo ulio safarini haukabidhiwi kwa mtumaji. Nilipiga simu huduma kwa wateja. Nilielezwa kwa sauti ya upole kwamba limetiwa kwenye gunia la Dar es Salaam na litaondoka Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi. Gunia la Dar es Salaam, kwa mara ya pili.

Nikaamua kwenda Segera. Shemeji alinitumia namba ya basi na ya simu ya konda, na konda akaniambia, "Mzee wewe njoo tu, tutasaidiana." Nikapanda gari la kutoka Tanga asubuhi, nikafika, nikakaa kibandani na chai yangu. Saa tano na nusu basi likaingia. Konda alishuka, akafungua buti, na mbele ya macho yangu lilikuwapo gunia la kijani lenye lakiri nyekundu, na pembe ya boksi langu ikiwa imejitokeza ndani ya gunia kama goti la mtoto tumboni. Niliishika ile pembe. Konda akapiga simu ofisini kuomba ruhusa ya kukata lakiri, na jibu alilopewa tulilisikia sote, maana simu ilikuwa kwenye spika: akikata lakiri, kila kitakachopungua ndani ya gunia kitakatwa kwenye mshahara wake.

Sikuwa na la kumwambia. Ndani ya gunia hilo huenda zilikuwamo simu za watu, dawa, vyeti, na yule konda ana watoto. Kwa kweli utaratibu wa lakiri ni wa haki kabisa, kwa sababu bila huo vifurushi vyetu vingekuwa vinapungua kila stendi, na wizi huo tuliuona sana zamani. Alifunga buti, akaniomba radhi, basi likaondoka na cherehani yangu kuelekea kusini, nami nikapanda gari la kurudi kaskazini mashariki, mikono mitupu, kwa nauli yangu.

Najua kuna watakaokuja hapa kunieleza kwamba hivyo ndivyo vifurushi vinavyosafirishwa dunia nzima, na kwamba sijui biashara. Nimelifikiria hilo. Tanzania Bara ina mikoa 26. Ukitaka kila mkoa uwe na gunia la moja kwa moja kwenda kila mkoa mwingine, utahitaji njia 325, ilhali ukikusanya kila kitu mahali pamoja unahitaji njia 25 tu. Hesabu hiyo haina ubishi, na kwa kifurushi cha kutoka Bukoba kwenda Mtwara nakubaliana nayo kabisa. Nimekwisha kusomewa pia mfano wa FedEx, kampuni ya vifurushi ya Marekani, ambayo usiku wake wa kwanza wa kazi, Aprili 1973, ilipeleka vifurushi 186 kwenye miji 25 ya Marekani, vyote vikikusanywa na kuchambuliwa Memphis, hata kama mtumaji na mpokeaji walikuwa majirani. Lakini wale walikuwa na ndege. Mzunguko ambao kwa ndege ni saa moja au mbili za usiku, watu wakiwa wamelala, kwa basi la Moshi ni kutwa nzima kwenda na kutwa nyingine kurudi, na katikati yake ipo foleni ya Kimara. Huwezi kuazima utaratibu wa mtu mwenye mabawa ukauweka kwenye magurudumu, kisha ukamtoza mteja bei ya kesho jioni.

Tena kinachoniuma zaidi ni kwamba hapa kwetu njia ya moja kwa moja haihitaji kubuniwa. Wajerumani walianza kujenga reli kutoka Tanga mwaka 1893, ikafika Korogwe mwaka 1902, Mombo mwaka 1905 na Moshi mwaka 1911, na tangu hapo mizigo ya Kilimanjaro ikawa inateremka hadi bandari ya Tanga bila kuiona Dar es Salaam. Barabara nayo imefuata ubavu uleule wa milima ya Upare na Usambara. Hata leo mabasi ya Arusha, Moshi na Tanga yapo kila siku. Ningeweza kumwomba shemeji ampe konda wa basi hilo boksi na noti ya shilingi 10,000 bila stakabadhi yoyote, kama tulivyokuwa tukifanya zamani, na lingefika Jumanne mchana. Sikufanya hivyo kwa sababu usafirishaji wa vifurushi na vipeto ni huduma ya leseni inayosimamiwa na TCRA, yaani Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010, nami nilitaka stakabadhi, namba ya kufuatilia na mahali pa kudai haki yangu. Nimevipata vyote vitatu. Cherehani ndiyo sina.

Wala sidhani ni mimi peke yangu. Jirani yangu, ambaye mwanawe anafanya kazi Dodoma, alitumiwa bahasha ya vyeti kutoka Iringa kwenda huko, miji ambayo imeunganishwa na barabara ya lami ya kupitia Mtera ya takriban kilomita 260, na bahasha ikashushwa Morogoro, ikalala siku mbili, ndipo ikapandishwa Dodoma. Kwao angalau mzunguko ulikuwa wa pembetatu. Wa kwangu ni wa mtu aliyesahau kitu nyumbani.

Ninachokitaka kwa kampuni hii ni kidogo kuliko wanavyodhani. Sitaki wavunje kituo chao kikuu. Nataka karani wa Moshi, kabla ya kupokea fedha, amwambie mtu wazi kwamba mzigo wake wa Tanga utapitia Dar es Salaam na utachukua siku nne, ili mtu achague mwenyewe. Kumwambia kesho jioni, hali gunia la Tanga halipo na karani anajua kwamba halipo, ni uongo uliogongwa muhuri. Nataka pia wafikirie jambo ambalo lile gunia la kijani lilinifundisha pale Segera: mfuko mdogo wenye lakiri yake, ulioandikwa Tanga, uwekwe juu ya gunia kubwa badala ya ndani yake, na ukabidhiwe kwa saini kwa wakala wa Segera. Mabasi yao ya Dar es Salaam kwenda Tanga yanapita Segera kila siku, yanaweza kuuokota. Hata kama ndani yake kuna vifurushi viwili tu, vifurushi viwili havina uzito wa kuchosha injini. Na hiyo lebo, jamani, mji wa kutoka uandikwe kwa herufi ndogo, chini, pembeni.

Kuhusu fidia, nyuma ya stakabadhi kuna maandishi madogo yanayosema kwamba kampuni haitawajibika kwa ucheleweshaji unaotokana na hali ya barabara. Nimewaandikia kuwauliza barabara ilikuwa na hali gani, kwa kuwa mzigo wangu umeikagua mara tatu. Wakishindwa kunijibu nitaupeleka ushahidi wote kunakohusika, pamoja na kila ujumbe walionitumia. Kati ya sare 43, wazazi wa sare 19 wamekwisha kuchukua vitambaa vyao kwenda kwa fundi mwingine, na siwalaumu.

Leo ni Jumanne, siku ya tisa. Saa kumi na mbili asubuhi umeingia ujumbe kwamba kifurushi kimeondoka Dar es Salaam, bila kusema kinaelekea wapi. Nimepiga simu mara nne. Wananiambia mfumo unaonyesha kwamba kimeondoka tu. Iwe kinakuja Tanga au kinarudi tena Moshi, saa tano hivi kitapita Segera kwa mara ya nne.